Rangi za Shanga Singida: Historia ya Uchaguzi Wake

Shanga zimevaliwa katika nchi inayoitwa leo Mkoa wa Singida tangu kale, na rangi yake haijawahi kuwa jambo dogo. Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wabarbaig, Wahadzabe, Wagogo wa Manyoni na Wakimbu wa Itigi walizitunga kila jamii kwa namna yake. Zilifungwa shingoni, kiunoni, mkononi na kifundoni, zikashonwa kwenye ngozi, na zikamtambulisha mtoto, mwali, mama na mzee. Historia ya rangi hizo ina vipindi vinne: cha maganda na mbegu za nchini, cha vioo vilivyoletwa na misafara, cha duka na reli, na cha udongo wa viwandani ambao fundi huchanganya rangi mwenyewe. Katika vipindi vyote vinne kanuni moja imesimama: rangi huamuliwa na mvaaji. Mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyeipuuza alibaki na mizigo isiyonunuliwa, na fundi anayeanza leo akiipuuza hupatwa na hayo hayo.

Maganda, mbegu na udongo

Singida iko jirani na baadhi ya sehemu zenye shanga za kale kuliko nyingi zilizowahi kuchimbuliwa Afrika. Upande wa mashariki, katika milima ya Kondoa, kuna pango la Kisese II, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956. Baadhi ya shanga za ganda la yai la mbuni zilizotoka humo zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Upande wa kaskazini, ufukweni mwa Ziwa Eyasi, kuna pango la Mumba, lililochimbwa kwanza na Ludwig na Margit Kohl-Larsen katika miaka ya 1930, na humo pia shanga za mbuni zilipatikana. Kusini, mkoani Iringa, pango la Magubike lilitoa nyingine za namna hiyo. Mwaka 2021 watafiti Jennifer Miller na Yiming Wang walichapisha matokeo ya kulinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka sehemu 31 za mashariki na kusini mwa Afrika. Walionyesha kwamba takriban miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walitengeneza shanga zinazofanana sana kwa ukubwa na umbo, jambo linaloashiria kwamba mitindo ilisafiri mbali hata zama hizo.

Utengenezaji wake ulihitaji subira kuliko zana. Ganda lilivunjwa vipande, kila kipande kikatobolewa katikati kwa jiwe lenye ncha, kisha vikatungwa pamoja na kusuguliwa juu ya jiwe hadi kingo zikawa duara. Rangi zilizopatikana zilikuwa chache. Ganda lenyewe ni jeupe la maziwa. Likipitishwa motoni hugeuka kahawia, kijivu au jeusi, kulingana na joto. Likipakwa udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, hushika wekundu kwenye mikwaruzo na ndani ya tundu. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo rangi za kwanza ambazo mtengenezaji wa shanga wa eneo hili alikuwa na uwezo wa kuzichagua, na ndizo zilizoendelea kutawala hata vioo vilipofika.

Vitu vingine vya nchini viliongeza chaguo. Mbegu ngumu za porini zilitobolewa na kutungwa. Zilizopendeza kuliko zote zilikuwa mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ingawa ndani zina sumu kali na mtoto hapaswi kuzitafuna. Mifupa, miiba ya nungunungu na makombe ya konokono vilitoa weupe na rangi ya mchanga. Udongo wa mfinyanzi ulitoa rangi kwa moto: ukichomwa penye hewa nyingi, chuma kilichomo hugeuka kutu na kipande hutoka chekundu, ukichomwa penye moshi na hewa chache, hutoka cheusi. Mfinyanzi alilijua hilo kwa vyungu vyake, na maarifa hayo hayo yalifaa kwa shanga.

Metali nazo zilihesabiwa miongoni mwa rangi. Shaba nyeupe ilipendwa kwa umanjano wake, shaba nyekundu kwa wekundu wake, na chuma kwa weusi wake uliong'aa. Wahunzi wa Kitatoga, jamii ambayo Wabarbaig ni tawi lake, wameendelea hadi leo kuyeyusha metali chakavu na kufua bangili za manjano na nyekundu. Bangili hizo huvaliwa pamoja na shanga, na rangi ya metali hufanya kazi ile ile ya kutenganisha na kukamilisha.

Vioo kutoka ng'ambo

Shanga za kioo zilifika pwani ya Afrika Mashariki kutoka India na nchi za Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lakini bara zilipenya kwa uchache. Hali ilibadilika katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa soko kuu la pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu, Kimarekani, Kifaransa na wa kutoka Hamburg walishusha bandarini nguo, waya wa shaba na shanga. Bidhaa hizo zilivushwa hadi Bagamoyo, zikafungwa mizigo, zikachukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Tabora na Ujiji. Njia hiyo ilipita Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori kame la vichaka ambalo sehemu yake kubwa iko leo katika halmashauri za Manyoni na Itigi. Biashara hiyo haikuwa ya pembe peke yake. Shanga hizo hizo zilinunua chakula, mifugo na pia watumwa, na sehemu hiyo ya historia yake haipaswi kufichwa na uzuri wa rangi.

Shanga nyingi zilitoka Venice, hasa katika kisiwa cha Murano, na baadaye kwa wingi Bohemia, katika mji unaoitwa leo Jablonec nad Nisou, nchini Czech. Mafundi wawili walishika donge la kioo laini lenye tundu katikati, wakaachana mbio kila mmoja upande wake, na donge likanyooka kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita. Mrija ulikatwa vipande vidogo, vikachanganywa na majivu au mkaa wa unga ili matundu yasizibe, vikapashwa moto huku vikizungushwa hadi kingo zikalainika. Halafu vilichekechwa kwa ukubwa, na wanawake wakavitunga kwenye nyuzi tayari kwa safari.

Rangi ilitiwa tangu kwenye tanuri. Kobalti ilitoa buluu nzito, shaba ilitoa buluu ya anga, kijani au wekundu kulingana na moto, manganizi ilitoa zambarau, na bati au antimoni ilifanya kioo kiwe cheupe kisichopenyeza mwanga. Wekundu mkali ulikuwa mgumu na wa gharama kuliko rangi zote. Kuanzia takriban miaka ya 1830 mafundi wa Venice walipunguza gharama kwa kuweka tabaka jembamba la kioo chekundu juu ya kiini cheupe. Weupe wa ndani ulirudisha mwanga nje na kuufanya wekundu uwake. Ushanga huo ndio ulioitwa samesame katika biashara ya Zanzibar, nao ukawa maarufu kuliko wote katika Afrika Mashariki.

Mfanyabiashara mgeni na somo la rangi

Richard Burton, aliyepita Ugogo na Mgunda Mkali pamoja na John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba sokoni Zanzibar zilijulikana aina zipatazo 400 za shanga, kila moja ikiwa na jina, bei na nchi yake. Samesame ilikuwa nyekundu ya marijani, na ilipendwa hadi ikabandikwa jina la kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyoihangaikia. Kanyera ilikuwa nyeupe. Bubu ilikuwa nyeusi. Gulabi ilikuwa ya waridi, na mrututu ilikuwa ya buluu. Sungomaji ilikuwa kubwa, ya ukubwa unaokaribia yai dogo la ndege. Nyekundu iliuzwa ghali, nyeupe rahisi.

Shanga zilipimwa kwa frasila zilipotoka melini, na kwa kete zilipofika bara. Kete ilikuwa uzi mmoja wa urefu uliokubalika kwa kupima mkono, na kete kumi zilifanya fundo. Msafarani kete ilikuwa pesa ndogo. Nguo ilitumika kwa malipo makubwa, kama ng'ombe, pembe au hongo ya mtemi, ilhali kuku, mtama, maziwa na maboga vilinunuliwa kwa shanga. Wapagazi pia walipewa posho yao kwa shanga, na kila mmoja alikwenda kijijini kujinunulia chakula. Kosa la rangi kwa hiyo lilikuwa kosa la njaa. Msafara wenye mizigo kumi ya shanga zisizotakiwa ulikuwa masikini kuliko msafara wenye mzigo mmoja wa zinazotakiwa.

Aliyeeleza tatizo hilo kwa uwazi ni Henry Stanley, alipokuwa Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta David Livingstone. Hakujua lolote kuhusu shanga, na kila aliyemuuliza alimwonya kwamba kila nchi ina yake. Unyamwezi ilitaka nyekundu na kukataa nyingine. Nyeusi ilikuwa pesa Ugogo, lakini kwingine kote haikuwa na thamani. Sungomaji zilifaa Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikakataliwa sehemu nyingine. Nyeupe zilipokewa Ufipa na sehemu fulani za Usagara na Ugogo, lakini Uzigua na Ukonongo zilidharauliwa. Stanley alilazimika kukadiria angekaa siku ngapi katika kila nchi, kisha akagawa rangi kwa hesabu hiyo. Alinunua magunia 22. Hesabu yake ilianzia kwa mnunuzi: nani atanunua, wapi, na kwa muda gani.

Kwa Singida ya leo, maelezo hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu Ugogo wa magharibi uko Manyoni. Hapo ndipo misafara ilipopumzika na kununua chakula na maji kabla ya kuingia Mgunda Mkali. Watemi wa Kigogo walijua kwamba msafara hauna njia nyingine, wakatoza hongo ya nguo, waya na shanga, na walikuwa na haki ya kukataa kitu wasichokitaka. Mizigo ilifunguliwa mbele yao na rangi zikachaguliwa. Wanawake wa vijijini walifanya hivyo hivyo walipoleta unga na maziwa kambini. Wao ndio walioamua rangi ipi ihesabiwe pesa, na maamuzi yao yalirudi kupitia kwa wapagazi na wafanyabiashara hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar hadi kwenye tanuri za Venice. Kiwanda kilichochelewa kupata habari za bara kilituma shanga zilizolala ghalani.

Sababu za kupenda rangi hii na kuacha ile

Wageni wengi waliandika juu ya mapenzi hayo kana kwamba ni upepo wa mitindo. Sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa pamoja na ngozi, mavazi, mvua na umri.

Sababu ya kwanza ni mahali ushanga ulipokaa. Mwili wa Mgogo ulipakwa mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu, na vazi lilikuwa la ngozi ya mbuzi au ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta. Rangi nyeupe ilionekana kutoka mbali juu ya vitu hivyo. Nyeusi iliitenga nyeupe na nyekundu zisimezane. Wanawake wa Kibarbaig walivaa sketi ndefu ya ngozi yenye nyuzi nyingi zinazoning'inia, iliyoshonwa shanga kwa mistari. Juu ya ngozi ya hudhurungi, mistari hiyo ilihitaji rangi kali ili isomeke mvaaji anapotembea. Fundi aliyechagua rangi bila kuangalia ngozi iliyo chini yake alipoteza kazi.

Sababu ya pili ni mvua. Nchi ya kati ni kame, na msimu ukikosekana njaa huingia. Katika matambiko ya mvua ya Wagogo na ya Wanyisanzu, nyeusi ndiyo iliyokuwa rangi ya heri, kwa kuwa ni rangi ya wingu lenye maji. Mnyama wa tambiko alichaguliwa mweusi, na nguo nyeusi ilikuwa na nafasi yake. Nyekundu kwa Wagogo ilihusishwa na joto na hatari. Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo katika miaka ya 1960, alieleza kwa kina mpangilio huo wa rangi katika ibada zao. Todd Sanders alifanya kazi kama hiyo kuhusu mvua kwa Wanyisanzu wa Mkalama. Katika nchi ambayo nyeusi iliheshimiwa hivyo, ushanga mweusi haukuwa bidhaa duni kama ulivyokuwa kwa majirani.

Sababu ya tatu ni hatua za maisha. Mtoto mchanga alifungwa uzi wa shanga kiunoni au mkononi; uzi ukibana, mama alijua mtoto anakua. Binti, mwali na mke walitofautishwa kwa wingi wa shanga, mahali zilipovaliwa na mpangilio wa rangi zake. Mzee alivaa chache, mara nyingi za zamani na za rangi tulivu. Rangi moja iliweza kumfaa mtu mmoja na kumuaibisha mwingine wa umri tofauti.

Sababu ya nne ni uhaba. Rangi iliyojaa kila kijiji ilishuka thamani, na iliyokuja kwa nadra ilipanda. Ndiyo maana mfanyabiashara mzoefu hakutegemea orodha ya mwaka uliopita. Aliuliza misafara iliyorudi karibuni, na kwa hiyo wapagazi wa Kinyamwezi wakawa washauri wa rangi wasioandikwa kwenye vitabu vya hesabu.

Unyaturu na Uyiramba nje ya njia kuu

Kaskazini mwa Manyoni, nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba haikukaa moja kwa moja kwenye njia ya Tabora. Shanga zilifika huko kwa mkono baada ya mkono, zikibadilishwa kwa mbuzi, nafaka na chumvi. Msafara mkubwa uliopita humo ni wa pili wa Stanley. Aliiacha njia kuu huko Ugogo na kuelekea kaskazini-magharibi ili afike Ziwa Victoria. Januari 1875 alikuwa Unyaturu, ambako mwenzake Edward Pocock alifariki kwa homa. Siku chache baadaye, mahali alipopaandika kwa jina la Vinyata, zawadi za nguo, shanga na waya zilibadilishwa na ng'ombe wa mganga mashuhuri wa hapo, na amani ikaonekana imepatikana. Haikudumu. Mapigano yalizuka, watu wa pande zote mbili wakauawa, na vijiji vya Wanyaturu vikachomwa. Msafara uliendelea kupitia Uyiramba hadi Usukuma.

Tukio hilo linaonyesha mpaka wa nguvu za shanga. Ugogoni, palipokuwa na desturi ya hongo na bei zilizojulikana, rangi sahihi ilifungua njia. Unyaturu, ambako misafara mikubwa haikuzoeleka na hofu ya wageni wenye bunduki ilikuwa kubwa, hata zawadi iliyochaguliwa vizuri haikutosha kuleta maelewano.

Kutoka pesa kuwa pambo

Utawala wa Wajerumani ulibadilisha kazi ya shanga. Kituo cha kijeshi kilisimamishwa Kilimatinde katika miaka ya 1890, na boma la Mkalama likajengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilisukuma watu kutafuta rupia, na kuanzia 1904 heller 100 zilihesabiwa kuwa rupia moja. Sarafu hiyo ndogo ilichukua nafasi ya kete katika manunuzi ya chakula. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Manyoni na Itigi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi wa masafa marefu alitoweka, na pamoja naye hesabu za mafundo na magunia. Wakati wa Waingereza shilingi ya Afrika Mashariki ilishika mahali pa rupia, na katika miaka ya 1930 tawi la reli kutoka Manyoni liliingia Singida.

Shanga ziliendelea kununuliwa, ila sasa zilinunuliwa ili zivaliwe. Maduka ya Wahindi yalizipanga kwenye mitungi na makopo, na mama aliyeuza kuku, samli au karanga aliingia dukani akachagua mwenyewe. Uchaguzi ulipanuka. Bohemia ilileta manjano, chungwa na kijani nyingi kwa bei nafuu. Baadaye zikaja shanga za plastiki, nyepesi na rahisi zaidi, zilizofaa kwa ngoma na kwa watoto ingawa hupauka juani. Mmisionari na mwalimu walileta nguo za kushona na mara nyingi walikatisha tamaa mapambo ya mwilini, na baadhi ya mavazi yenye shanga yakabaki kwa sherehe na ngoma.

Baada ya uhuru mwelekeo huo uliendelea. Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kubadili mavazi ya jadi, hasa Umasaini, na ujumbe wake kwamba mapambo ya asili ni ya kizamani ulisikika hata nje ya Umasaini. Wakati huo huo hatua nyingine zilikwenda upande wa pili. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa Dar es Salaam, vikundi vya ngoma vikapanda majukwaani na mavazi yenye shanga, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, likatambua kazi za mikono kuwa shughuli ya kipato. Shanga zilizokuwa vazi la kila siku zikawa alama ya asili na bidhaa ya kuuzwa.

Udongo wenye rangi na fundi anayeanza

Kipindi cha nne kinahusu mtengenezaji kuliko mnunuzi wa shanga zilizokwisha tengenezwa. Mtunga shanga za kioo hawezi kubadilisha rangi ya ushanga. Anachoweza ni kuiweka karibu na nyingine. Udongo unampa uwezo mpana zaidi. Nairobi, karakana ya Kazuri, iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 kwa kuanza na akina mama wawili, ilionyesha kwamba shanga za udongo uliochomwa na kupakwa rangi kwa mkono huweza kuajiri mamia ya wanawake. Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, inayeyusha chupa zilizotumika na kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Rangi za huko hutegemea chupa zilizokusanywa: kijani, kahawia, nyeupe na buluu.

Udongo wa polima ni wa namna nyingine. Hautoki ardhini. Ni chembe za plastiki iitwayo polivinili kloridi zilizochanganywa na kilainishi na rangi ya unga. Ulianza Ujerumani: Sofie Rehbinder-Kruse, binti wa mtengenezaji wa wanasesere Käthe Kruse, aliufanyia majaribio, na kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua na kuusambaza kwa jina la Fimo katika miaka ya 1960. Hauhitaji tanuri la mfinyanzi. Huokwa kwenye oveni ya kawaida kwa joto la takriban nyuzi 110 hadi 130, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Ukiungua hutoa moshi wenye sumu, hivyo jiko la mkaa lisilopimika joto halifai, na chombo kilichotumika kuuandaa hakirudishwi kwenye chakula.

Kwa anayeanza, rangi tano zinatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, manjano na buluu. Nyeupe inunuliwe nyingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopunguza ukali wa nyingine. Manjano na buluu hutoa kijani, nyekundu na manjano hutoa chungwa, nyekundu na buluu hutoa zambarau. Rangi nzito huongezwa kidogo kidogo ndani ya nyepesi, kamwe si kinyume chake, kwa kuwa punje ndogo ya buluu hugeuza donge zima la manjano, ilhali manjano mengi hayaibadilishi buluu kwa urahisi. Hudhurungi ya ngozi na wekundu wa udongo, rangi zilizotawala mavazi ya zamani ya Singida, hupatikana kwa kuchanganya nyekundu na manjano, kisha nyeusi kiasi kidogo sana. Kazi huanza na rangi nyepesi na kumalizia na nyeusi, mikono ikifutwa kila mara, maana uchafu wa nyeusi juu ya nyeupe hautoki. Baadhi ya rangi huiva zaidi zikiokwa, hivyo kipande cha majaribio hutangulia mkufu.

Anayetunga shanga za kioo anafuata kanuni iliyo karibu na hiyo. Aanze na rangi tatu, moja ya kutawala, moja ya kutenga na moja ya kuangaza. Nyeupe au nyeusi hutenga vizuri kuliko nyingine zote, kama watunga shanga wa Ugogo walivyojua. Ukubwa usomwe kwenye namba: namba ikipanda ushanga unapungua. Shanga za Czech hugharimu zaidi lakini matundu yake hulingana. Za bei ya chini huweza kuchuja rangi, na punje chache zilizolowekwa kwenye maji ya sabuni usiku kucha huonyesha ukweli kabla ya kununua fundo zima.

Juu ya kanuni hizo zote kuna ile ya kwanza. Fundi wa Singida anayetengeneza kwa ajili ya kikundi cha ngoma, kwa bibi harusi wa Kinyaturu, kwa mama wa Kibarbaig au kwa mgeni anayepita, anawatengenezea watu wenye macho tofauti, na hana budi kuwauliza kabla ya kununua rangi. Wazee wa Manyoni, Iramba, Mkalama na Ikungi bado wanajua rangi ipi ilivaliwa na nani na kwa nini. Maarifa hayo yaandikwe na kufundishwa kwenye vikundi vya wanawake na vyuo vya ufundi, pamoja na namna ya kushika sindano na kuchanganya udongo, kwa kuwa ndiyo yatakayoipa kazi ya Singida sura yake mwenyewe sokoni.